Nilikupiga kwa Kumsimamisha Mama Yako

Kasubi, Kampala
Jumapili ya mwisho ya mwezi wa sita. Leo nimetimiza miaka sita na miezi minne tangu nitoke nyumbani Tabora.

Mwanangu Mwasiti,

Jana kwenye simu uliniambia begi umekwisha kulifunga, lakini hujui kama kesho asubuhi miguu yako itakubali kupanda basi la kwenda Tunduru. Ukasema, "Baba, shule ile itapata mwalimu mwingine. Mama hatapata mtu mwingine." Nikakujibu kwamba mtandao unasumbua, nikakata. Mtandao haukuwa unasumbua. Neno la kukujibu nilikuwa nalo, ila ni la kuandika, maana kwa mdomo ningeanza kukohoa na kukuuliza habari za mvua kama ninavyofanya siku zote.

Naandika mchana huu ili jirani mwenye simu nzuri apige picha kila ukurasa akutumie kabla hujalala. Mwandiko wangu unaujua. Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo kalamu nimeishika kwa kutia sahihi tu. Ukikuta nimekata maneno usijitese kuyasoma.

Mambo ya kula na kuvaa na kufunga mlango sitayasema. Mama yako amekwisha kukuambia, na mama mdogo wako Hadija, atakayekaa naye ukiondoka, atayarudia yote. Mimi nina jambo moja, na nimelinyamazia miaka minane.

Nilikupiga kofi. Ulikuwa na miaka kumi na sita, umevaa sare ya shule, na kosa lako lilikuwa kwamba umemsimamisha mama yako mlangoni. Najua unakumbuka. Mimi pia nakumbuka, ila kwa muda mrefu nilikuwa nakumbuka vibaya, nikijiona kuwa siku ile nilimwokoa.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana ulikuwa mdogo na mengine hukuambiwa.

Kiharusi kilipompata mama yako nilikuwa stesheni, tunapakua mahindi. Nilimkuta amelala ubavu kando ya jiko, mdomo umekwenda upande, mkono wa kushoto uko chini kama si wa kwake. Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani, na kumbeba kule sijutii. Hospitali walikaa naye wiki tatu. Siku ya kutoka, kijana mmoja wa mazoezi ya viungo alinikalisha akaniambia nimrudishe mara mbili kila wiki, na nyumbani nimwache ajaribu mwenyewe: ashike kijiko kwa mkono ule ule mbovu, ainuke kitini mwenyewe, hata ikimchukua nusu saa. Nilimrudisha mara tatu. Mara ya tatu kijana alimfanya ainuke na kukaa, ainuke na kukaa, mpaka machozi yakamtoka. Nikamwambia, "Bwana mdogo, huyu ni mke wangu, si punda wako." Nikambeba tukaondoka. Hatukurudi tena.

Sikufanya kwa uvivu. Mimi tangu ujana sijajua njia nyingine ya kumtendea mtu wema. Ukimkuta na mzigo, unamtua. Basi nikambeba kwenda chooni, nikambeba kwenda barazani kuota jua, nikamlisha, nikamwogesha. Wanawake wa mtaani wakawa wanawaambia waume zao, "Mwoneni baba Mwasiti." Nami nilipenda kusifiwa, usidanganyike. Kuna siku nilipita njia ndefu naye mgongoni ili watu watuone.

Na mama yako alikuwa ananiambia. Hilo linaniuma kuliko kofi lenyewe. Unajua yeye ni Mgogo na mimi ni Mnyamwezi, watani wa tangu mababu. Tangu siku ya posa hatujawahi kukaa dakika kumi bila kutupiana maneno. Kila nilipomchukua alikuwa anapiga kelele mgongoni kwangu, ulimi ukiwa bado mzito:

"Nishushe, Mnyamwezi we! Mimi si gunia la mpunga! Babu zako walibeba pembe za ndovu za watu mpaka pwani, na wewe ukiona kitu kimekaa chini mikono inakuwasha!"

Na mimi: "Nyamaza, Mgogo. Kwenu hata maji ya kunawa hamna, leo umepata wa kukubeba unalalamika?"

Majirani walicheka. Wewe ulicheka. Yeye mwenyewe alicheka. Kila siku ya Mungu aliniambia nimshushe, na kila siku nikadhani ni utani. Mume asiyekuwa mtani wake angemsikia mara ya kwanza.

Siku ile nilirudi mapema, gunia la mkaa begani. Mama yako alikuwa amesimama mlangoni, mkono wa kulia umeshika fremu, goti la kushoto linatetemeka kama la ndama wa jana, jasho linamtiririka. Wewe uko nyuma yake unahesabu kwa sauti. Ulikuwa umefika kumi na nne. Mimi niliona kitu kimoja tu, kwamba anaanguka. Nikatupa gunia, nikamdaka, nikamlaza kitandani, kisha nikarudi nikakupiga. Nikasema, "Unataka kumuua mama yako?" Yeye akasema kutoka ndani, "Mwache mtoto, nilimwambia mimi." Nilimsikia. Nilijifanya sijasikia.

Hakuwa anaanguka, Mwasiti. Sasa hivi najua mtu anayeanguka anavyokuwa, maana nalipwa kumtazama. Alikuwa anasimama. Kusimama kwa mtu wa kiharusi kunatetemeka hivyo hivyo.

Baada ya hapo mambo mawili yalitokea, moja uliliona na jingine sijui. Ulianza kufanya kama mimi. Ukamlisha, ukamvalisha, ukamshika kabla hajayumba, na mimi nikakusifu kwa majirani kwamba mtoto amekuwa na adabu. Jambo la pili, mama yako aliacha kunitania. Nilikuwa nainama, nambeba, hasemi neno. Mwili wake ukawa mzito kuliko mzigo wowote niliowahi kubeba, ingawa alikuwa amekonda. Niliwaambia wote kwamba nakwenda Kampala kutafuta riziki, na riziki kweli ilikuwa haitoshi. Lakini kilichonitoa nyumbani ni ule ukimya. Niliukimbia, nikakuachia wewe ukae nao. Ulikuwa hujatimiza miaka kumi na minane.

Nimerudi mara mbili katika miaka yote hii, mara zote kwa ajili ya Idi, siku nne nne. Mara zote mbili nilimbeba.

Huku nimebeba marobota ya mitumba katika soko la Owino miaka mitano. Vijana wa pale wananiita Mtanzania. Jina langu halina mtu wa kulitamka isipokuwa ninyi kwenye simu. Chumba changu kiko upande wa chini wa makaburi ya wafalme, kina dirisha moja, na Jumapili kama leo nyumba nzima wamekwenda kanisani au kwa ndugu zao. Mama mmoja wa chumba cha pili amenitaka niangalie sufuria yake ya maharage mpaka arudi, na kuombwa huko kumenifurahisha asubuhi yote. Ndivyo ninavyoishi. Sikuandikii hivi unihurumie. Nakuandikia ujue kwamba hakuna maisha mazuri niliyoyaficha huku.

Mwaka jana alikuja sokoni mwanamke mmoja amevaa koti jeupe, na vijana wawili wamebeba masanduku. Jina lake Daktari Akello. Ni mtu wa kaskazini, amekulia kambi za polisi alikofanya kazi baba yake, ndiyo maana anajua Kiswahili, Kiswahili chao cha kambi. Anachunguza misuli ya watu waliopata kiharusi. Alitaka wabeba mizigo wenye afya, apime nguvu zao, apate cha kulinganisha na wagonjwa wake wa rika hilo hilo. Vijana wakaanza fujo, wakimwita musawo, yaani daktari.

"Musawo, huyo Mtanzania wachana naye, yeye anabeba kwa dua! Njoo upime huyu hapa, kifua kama friji!"

"Friji ya kuharibika!" mwingine akajibu.

Nikajitokeza. Alinipa kishikio cha chuma chenye kipimo, akaniambia nikibane kwa mkono. Nikakaza meno, nikasukuma bega, nikajipinda kiuno, kipimo kikapanda, vijana wakashangilia. Akello akatikisa kichwa.

"Mzee, wewe nabana na mwili yote. Mimi nataka mkono peke yake. Kaa chini. Weka kiwiko hapa. Sasa."

Nikabana tena nimekaa, bega limetulia. Kipimo kilipanda kidogo tu kikaishia hapo. Nilishtuka. Mkono wangu ulikuwa mkono wa kawaida wa mzee wa kawaida. Miaka yote hiyo nilikuwa nabeba kwa mbinu, kiuno kinamsaidia mguu na shingo inalisaidia bega, na hakuna kiungo hata kimoja kilichowahi kuulizwa peke yake kinaweza nini. Nilimwambia hivyo, akacheka, akasema maneno hayo ameyatafuta kwenye vitabu vingi.

Labda ndiyo sababu alinikumbuka. Baada ya miezi michache mgongo wangu uliniambia basi, na yeye alikuwa anatafuta mtu wa kukaa nyuma ya wagonjwa wakati wanajaribu kusimama na kutembea. Anataka mtu mwenye nguvu za kumdaka mtu mzima bila hofu. Nikadhani nimezaliwa kwa kazi hiyo. Kumbe kazi yenyewe ni kutokushika. Unasimama nyuma ya mgonjwa, mikono wazi, nafasi ya shibiri moja kutoka kiunoni mwake, unatembea anapotembea, unasimama anaposimama, na humgusi. Unamgusa akianguka kweli. Siku nzima mikono iko hewani haifanyi kitu, na jioni nachoka kuliko nilivyokuwa nachoka Owino.

Mgonjwa wangu wa kwanza ni Mzee Okot, askari mstaafu, kiharusi kimempata mwaka huu huu, kushoto kama mama yako. Wiki ya kwanza kila akiinua mguu mimi nimekwisha kumshika mkanda.

"We Mtanzania!" akanifokea. "Mimi nilibeba bunduki miaka thelathini, leo nashindwa kubeba matako yangu?"

"Mzee, unayumba."

"Nayumba, ndiyo! Wewe hujawahi kuyumba? Kunywa pombe kidogo utajua!"

Daktari Akello hakucheka. Alinipeleka kando.

"Mzee, wewe naiba hatua yake."

"Nimeiba nini, daktari? Nimemzuia asianguke."

"Hajaanguka. Yeye alikuwa natafuta mguu yake. Kichwa inaita mguu, mguu inachelewa kujibu. Wewe mkono yako inafika kwanza. Sasa kichwa inasema, sawa, kuna mtu, mimi nanyamaza. Kesho haiiti tena."

Kisha alinionyesha picha. Ana mashine kama ile ya kuwapimia wajawazito, anaipitisha juu ya paja, msuli unaonekana kwenye kioo. Akapitisha kwenye paja zima la Mzee Okot, msuli umejaa. Akapitisha kwenye lile bovu, ukanda mwembamba. Akaniambia kiharusi kinapiga kichwani, msuli wenyewe hakiugusi, lakini msuli usiotumika unapungua siku hadi siku kwa sababu ya kitanda na kiti, na kwa sababu ya watu wanaompenda mgonjwa. Anachotafuta yeye ni kujua udhaifu upi umeletwa na kichwa na upi umeletwa na kukaa bure, maana ule wa kukaa bure unaweza kurudishwa kidogo.

Paja lile jembamba mimi nilikuwa nalijua. Nimeliosha mwaka mzima na zaidi kwa mikono hii. Nililiona likipungua, nikasema ni ugonjwa, nikazidi kumbeba.

Nilitoka nje nikakaa nyuma ya jengo, pale wanapoanikia mashuka. Ndipo nilipokuona wewe na sare yako, unahesabu. Ulikuwa mtoto wa shule, hakuna aliyekufundisha, na ulikuwa umesimama mahali pale pale ninaposimama mimi, nyuma yake, mikono wazi. Uliijua kazi hii kabla yangu. Nikakupiga kwa kuijua.

Samahani, mwanangu. Nimeiandika mara tatu nikaikata, kila mara naongeza maneno ya kujitetea. Naiacha hivi.

Nilikaa na jambo hilo wiki nyingi bila kumwambia mtu. Mwishowe nikamuuliza Akello, mtu aliyebebwa zaidi ya mwaka, akaja akahudumiwa kwa kila kitu miaka mingine sita, ana nini mbele yake? Akaniuliza ni nani. Nikamwambia yote, hata kofi. Hakunipa pole, wala hakunilaumu. Akasema, "Miezi ya kwanza ndiyo mzuri. Hiyo imekwenda, mimi siwezi kukudanganya. Baada ya miaka nane, mimi sijui. Watu kama hao siwapimi. Lakini mtu akisema hakuna kitu kabisa, huyo pia hajui."

Alhamisi iliyopita jioni nilimpigia mama yako. Nilichagua saa ambayo najua uko dukani.

"Zainabu," nikasema, "nilikosea kukubeba."

Akauliza: "Nani kakuambia?"

"Daktari mmoja wa huku."

"Mimi nilikuambia kila siku ukacheka. Ikabidi uende mpaka Uganda ukaambiwe na daktari. Kweli Mnyamwezi akili zake ziko begani, kila ukimtwisha mzigo zinabanwa."

Mwasiti, sikujua nicheke au nilie. Alikuwa hajanitania tangu siku ya kofi.

Halafu akasema habari zako. "Na huyu mwanao ni wewe mtupu. Nikikitazama kikombe, keshakileta. Nikitaka kufunga kilemba, mikono yake keshafika."

"Mwambie basi."

"Nimwambieje? Mtoto ameacha ujana wake kwa ajili yangu, nimwambie mikono yake inaniziba?"

Akashusha sauti, kama vile uko chumba cha pili. Akaniambia kwamba mchana ukienda sokoni, yeye anasimama. Peke yake. Anashika nondo za dirisha kwa mkono wa kulia, anajiinua kutoka kitini, muadhini akianza adhana ya adhuhuri anasimama, akimaliza anakaa. Mwaka wa pili sasa. Mwanzo alikuwa hafiki nusu. Kile kidonda cha kiwiko mwaka jana, alichokuambia amejigonga kitandani, hakujigonga kitandani. Alianguka, akajivuta mpaka ukutani, akajipangusa, na uliporudi ukamkuta amekaa.

"Kwa nini umfiche?" nikamuuliza.

"Nyinyi wawili mkiona natetemeka mnaogopa. Nami nikiona mnaogopa, nakaa."

Akaniapisha nisikuambie. Nimeapa, na sasa nimekuambia. Atanisamehe au hatanisamehe, hilo ni letu.

Ijumaa nikamweleza Akello. Akaweka kalamu chini. "Peke yake? Hakuna mtu nyuma?" Nikasema hakuna. Akasema, "Kwanza mwambie aweke kiti nzito nyuma yake, ile haitelezi. Halafu mwambie, kama angekuwa Kampala, mimi nampa kazi yako." Habari ya kiti nimekwisha kumwambia Hadija. Mambo mengine ya huyo daktari yamenizidi, lakini uso wake niliuona umeng'aa.

Sasa sikiliza, maana nusu saa nzima nimekuwa natafuta namna ya kulisema hili. Unaogopa kwamba ukipanda basi kesho utakuwa umemtupa mama yako. Mimi nimemtupa mama yako, najua inavyokuwa, na haifanani na hili. Mimi niliondoka nikidhani hakuna kitu tena pale cha kutazama. Wewe unaondoka, na yeye anakungojea uondoke apate nafasi ya kusimama bila kuibia. Simaanishi kwamba hakuhitaji. Anakuhitaji sana, na ukiondoka ataumia, na siku za kwanza atakataa chakula cha Hadija na kusema hakina chumvi. Anaweza pia kuanguka. Nisikufiche hilo. Mzee Okot ameanguka mara mbili kazini kwangu, mara moja nikamdaka na mara moja sikumwahi, akavimba paji la uso, na kesho yake akaja amevaa kofia akitaka kuendelea. Mama yako akianguka utapigiwa simu ukiwa darasani, huko mbali, na hutaweza kufanya kitu. Utarudi ubaoni uandike tarehe. Huo ndio ugumu wenyewe, na hakuna wa kukupunguzia, hata mimi.

Nilikuwa nimeandika hapa maneno ya kukushauri juu ya wanafunzi wako. Nimeyakata. Mtu wa darasa la sita hamfundishi mwalimu kazi.

Asubuhi atataka kukusindikiza mpaka mlangoni. Najua hivyo kwa sababu nilimuuliza atafanya nini ukiondoka, akasema, "Nitamuaga mwanangu nikiwa nimesimama, na nisipoweza nitamuaga nimekaa, lakini nisishikwe." Atatetemeka. Atachukua muda mrefu na dereva wa bodaboda atapiga honi. Mikono itakuwasha, hiyo ni damu ya kwetu. Iweke nyuma.

Ukitaka kunikasirikia kwa kofi lile, nikasirikie ukiwa njiani, safari ni ndefu inatosha. Ukifika niambie umefika, au unitumie neno moja tu. Usiponitumia nitaelewa.

Ningeweza kuwa nimekuja wiki hii inayoisha nikukute. Sababu ya kutokuja ni kwamba Mzee Okot anapimwa wiki ijayo, na Akello anasema mtu wa nyuma akibadilishwa kipimo kinaharibika, kwa kuwa mgonjwa anasimama tofauti kwa mtu asiyemzoea. Hiyo ni kweli. Kweli nyingine ni kwamba naogopa kukutazama usoni kabla hujaisoma barua hii. Baada ya kipimo hicho namwachia mtu mwingine nafasi yangu, nimemfundisha tangu mwezi uliopita, ingawa bado anashika mapema. Akello amekubali. Hadija atakaa na mama yako mpaka nifike.

Ijumaa ya wiki ijayo asubuhi napanda basi la Mutukula. Nitalala Bukoba, nitalala tena Kahama, na Jumapili mchana, Mungu akipenda, nitakuwa Tabora. Sitakukuta. Utakuwa umekwisha kufundisha wiki yako ya kwanza. Safari hii sirudi tena Kampala.

Baba yako